Usije Kusimama Kwenye Kinu

Tarehe 9 Aprili. Ni miaka mitatu na miezi saba tangu niondoke nyumbani.

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo, gereji au nyumbani, na zimfikie shemeji na mtoto ambaye sijapata kumshika. Natumaini mama anaendelea vizuri na miguu haimsumbui sana asubuhi. Mwambie shangazi salamu zake nimezipata na zimenichekesha, wenzangu chumbani wakadhani nimerukwa na akili. Mimi ni mzima wa kula, wa kulala na wa kusimama. Habari za uzima mwingine utazisoma mbele.

Barua hii anakuletea mwenzangu tunayemwita Sufuria, mtu mfupi, mnene, mdomo haufungi. Mkataba wake umeisha na njia ya kwao inapita kwetu. Mpe chakula hata akikwambia ameshiba, maana anadanganya. Nimemwambia akukabidhi mkononi, si kwa shemeji wala kwa mama. Isome kwanza peke yako, kisha utaamua mama asomewe wapi na aachiwe wapi. Na usinicheke mwandiko. Shule unajua niliiacha darasa la sita, na vidole vyangu siku hizi vimejaa makovu ya chupa.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema wakala wa ajira amekuita ofisini kwake, akakuonyesha picha yangu ukutani, nimevaa shati jipya la bluu, natabasamu, na msimamizi amenikumbatia begani. Unasema nimenenepa. Unasema kuna nafasi katika kiwanda chetu hiki hiki na wewe ndiye uliyetajwa kwa jina, mpaka waliokuwa mbele yako kwenye foleni wamerukwa. Sasa unauliza uje na viatu vya aina gani. Mdogo wangu, usije. Kabla hujamwachia mtu gereji yako, soma mpaka mwisho. Ukimaliza na bado unavitaka hivyo viatu, nitakutajia mpaka rangi yake.

Unajua kwamba tunasaga chupa, lakini sijawahi kukueleza vizuri kwa sababu ya aibu. Chupa zinaletwa na malori kutoka majalalani na haziji tupu. Zinakuja na bia iliyochacha, maziwa ya watoto yaliyoganda yakawa kijani, dawa za kikohozi, mikojo ya madereva, na mara nyingine panya mzima aliyeingia akashindwa kutoka. Zinamwagwa kwenye mkanda unaotembea, tunachambua, kisha zinaingia chumba cha mwisho kwenye mashine ya kusagia. Mashine hiyo tunaiita Kinu. Chini yake kunatiririka mchuzi mweusi wenye funza, na kila chupa nzito ikidondoka ule mchuzi unaruka. Usipofunga mdomo umeshakunywa. Nimekuwa nikinawa kwa sabuni ya kufulia, lakini mkate nikiushika bado unanuka Kinu.

Kelele yake je? Chukua pikipiki zote za gereji yako, zitoe bomba za moshi, ziwashe kwa pamoja ndani ya choo, halafu ujifungie nazo. Hapo utakuwa umekaribia. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu wa kupokezana. Hakuna mtu aliyesimama kwenye Kinu zamu nzima. Muda ukifika mwenzako anakuja kwa nyuma, anakugonga begani mara mbili, unavua vile vizibo vikubwa vinavyokaa kichwani na kufunika masikio, unamvika yeye mwenyewe kwa mikono yako, ndipo unatoka. Kumvika mwenzako ilikuwa ndiyo heshima yetu. Kama mmekosana na mtu, siku hiyo mnapatana kwa lazima.

Sasa nije kwenye ugonjwa wangu. Mnajua niliugua saratani na nikapona, na kweli nilipona. Ambacho sikuwaambia ni kwamba ilikuwa kwenye korodani. Ungemwambiaje mama jambo kama hilo? Walitoa moja, kisha wakanitundikia dripu, miezi kadhaa, dawa nyeupe kama maji ya kunywa. Ile dawa, mdogo wangu, sitaki kuitukana kwa sababu ndiyo iliyoniacha hai, lakini nilitapika mpaka nikawa nachukia rangi ya beseni. Mdomoni nilikuwa kama nimelamba betri. Nywele zikaanguka, mpaka nyusi. Kisha ukaja mlio masikioni, mwembamba, usiokatika, kama nyenje aliyeingia kichwani akakataa kutoka. Nikadhani ni udhaifu utapita. Nywele zilirudi. Mlio haukuondoka, na nyuma ya ule mlio sauti zikaanza kupotea moja moja: ndege, birika likichemka, sauti za watoto, kisha sauti za wanawake. Wanaume niliwasikia wakiunguruma tu, kama wanaongea wamefunikwa blanketi. Mama aliponipigia nikasikia pumzi na mikwaruzo. Nilimwambia simu imeharibika. Simu ni nzima.

Nilirudi kazini hivyo. Msimamizi wetu anataka tumwite Mjomba, naye anatuita wanangu. Ni mtu wa kushikashika watu mabega, na mikono yake ina majimaji daima. Siku ile alinishika mbele ya wote, kabla ya zamu, akatoa hotuba. Mimi sikusikia kitu, niliona midomo tu na wenzangu wakipiga makofi, nami nikatabasamu nikidhani napongezwa kwa kupona. Baadaye Sufuria alinieleza kwa ishara na kwa kunipigia kelele sikioni. Mjomba alikuwa amesema Mungu amewaletea mtu ambaye masikio yake yamekwisha kufa, hivyo hayana cha kupoteza. Huyu atasimama kwenye Kinu zamu nzima na ninyi wengine mtapumzika. Na vizibo akavitwaa, akampa mtu wa mkanda, kwa sababu kumvika kiziwi vizibo ni sawa na kumvika kipofu miwani. Hapo ndipo walipopiga makofi.

Unajua kitu kinachonitia kichefuchefu zaidi? Nami niliona ni sawa. Niliona ni bahati. Kwenye Kinu hakuna anayekusemesha, kwa hiyo hakuna anayegundua kwamba husikii. Sote pale, wasomi na wasiosoma, tuliamini sikio likishaharibika limeharibika, kama yai lililopasuka. Hakuna aliyejua kwamba hata usikivu kidogo uliobaki unaweza kuliwa na kelele. Tangu siku hiyo hakuna tena aliyekuja kunigonga bega.

Kule hospitali, nilipokwenda kupimwa kama ugonjwa haujarudi, daktari aliniuliza jambo mara tatu nami nikamjibu jambo lingine. Akanipeleka kwa mama mmoja mtaalamu wa masikio. Alinifungia ndani ya chumba kidogo, akanivika kitu kichwani, akaniambia nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Nilikaa pale nimeshika kitufe kama mtu anayengoja basi ambalo lilishapita. Aliponitoa hakuniuliza kwa nini sikubonyeza. Alinieleza taratibu, amenikabili ili nione midomo, kwamba ile dawa ya saratani ndiyo iliyochoma vinyweleo vya ndani ya sikio, inawatokea wengi, na kwamba kuna vifaa vya kusaidia kusikia ambavyo wafadhili wamevileta kwa watu kama mimi. Akanijaza masikio uji fulani wa baridi uliokauka, akapata umbo lake. Niliporudi tena akanipa viwili, kila kimoja kama punje ya korosho, kinakaa nyuma ya sikio na mrija mwembamba unaingia ndani.

Nikuambie ukweli, siku ya kwanza nilitamani kuvitupa. Nilidhani nitasikia muziki. Nilisikia kutafuna kwangu mwenyewe, kama ng'ombe. Nilisikia Sufuria akinyonya mifupa, mtu wa kitanda cha juu akikohoa na kumeza alichokohoa, choo cha ukumbini kikigugumia. Miezi yote ile nilikuwa naishi na wanyama hawa na sikujua! Nilicheka mwenyewe. Lakini jioni niliposimama dirishani nikasikia mwanamke wa nyumba ya jirani akimwita paka wake, akimbembeleza kwa majina ya kipuuzi, na nililijua kila jina. Nilikaa kitandani nikalia, mtu mzima mwenye ndevu, kwa ajili ya paka wa watu.

Nikasikia na mengine. Nilisikia kwamba jina langu ni Gogo. Gogo sogeza toroli, Gogo ananuka leo, Gogo ni nusu mwanaume sasa hata mke hapati. Walikuwa wakinisemea usoni huku wanacheka, nami kwa miezi nilikuwa nikicheka nao.

Yule mama wa masikio alikuwa amenionya. Alisema vifaa hivi haviponyi, vinabeba tu kile kilichobaki. Sikio lililopigwa na ile dawa likipigwa tena na kelele linakwisha haraka kuliko sikio zima. Usisimame tena kwenye mashine, alisema, na akampigia Mjomba simu mbele yangu. Mjomba alimwitikia vizuri sana: ndiyo mama, sawa mama, huyu ni mwanangu mama. Kesho yake alinishika bega, akachungulia masikio yangu kama anayechagua nyanya, akawaambia wenzangu kwamba sasa Gogo amezibwa vizuri kuliko sisi sote, hakuna kitakachopita hapo. Akanisukuma chumba cha mwisho.

Niliingia. Ningefanya nini? Visa yangu imeshikwa na kiwanda, unajua mwenyewe. Nilipoviacha vifaa vimewashwa, Kinu kilinipiga kichwani mpaka nikaona weupe. Nilipovizima, unga wa vioo na ule mchuzi vilijaa kwenye mirija. Masikio yakaanza kuwasha, kisha kutoa usaha. Asubuhi mto wangu ulikuwa na doa la manjano, na harufu yake ilikuwa ile ile ya chini ya Kinu. Nilikuwa nimebeba kiwanda ndani ya kichwa. Nilivisafisha kwa kipande cha uzi na mate, huku natapika.

Sasa hiyo picha. Wafadhili waliochangia vifaa walitaka kuona mtu anayevitumia akiwa kazini. Kiwanda kilipigwa maji siku mbili, mchuzi ukafagiliwa, Kinu kikazimwa kwa mara ya kwanza tangu nifike. Tuligawiwa mashati ya bluu. Meneja, ambaye hajawahi kunisemesha, aliwaambia wageni kwamba kampuni yake inawasikiliza wafanyakazi, na kwa kuwa Kinu kilikuwa kimezimwa nilimsikia vizuri kabisa. Kampuni haikutoa hata betri moja, lakini alivieleza vifaa vile kama amevizaa yeye. Wakaniambia niguse sikio na nitabasamu. Mjomba akanikumbatia. Usaha ulikuwa unateremka nyuma ya shati, na mpiga picha akaniomba nigeuke kidogo ili usionekane, lakini doa lilikuwa limeshafika kwenye kola. Wageni wakaondoka. Mashati tulivuliwa hapo hapo mlangoni, yangali na joto la miili yetu, yakarudi kwenye boksi. Kuhusu kunenepa, huo ni uvimbe wa taya kwa sababu ya sikio.

Juma lililopita nilirudi kwa yule mama. Alinisafisha bila kukunja uso, na hilo sitalisahau, maana hata mimi nilikuwa najikunjia uso. Kisha akanifungia tena kwenye chumba kidogo. Aliponitoa alivua miwani. Alinieleza kwamba dawa huchoma masikio yote mawili sawasawa, na mwanzo yangu yalikuwa sawasawa. Sasa la kushoto limekwisha, hakuna kifaa kitakacholisaidia tena. La kulia limebaki kidogo. Akaniuliza mashine iko upande gani ninaposimama. Nikamwambia kushoto. 

Hapo nilitaka kuishia, mdogo wangu, nikuambie tu kazi ni chafu na mashine ni mbaya, ubaki kwako. Lakini wewe ni mbishi. Ungesema utavaa pamba, ungesema wewe si mgonjwa. Kwa hiyo lazima nikuambie jinsi ulivyopata nafasi hiyo.

Siku moja baada ya hospitali nilikaa kwenye chumba cha chakula, kifaa cha sikio la kulia kimewashwa chini ya kofia. Mjomba alikuwa meza ya nyuma yangu, anakula kuku na kuongea na simu. Alijua niko pale, lakini mbele ya Gogo hakuna anayeshusha sauti. Alikuwa akiongea na wakala wenu. Alisema huyu wa Kinu ameanza kuoza masikio na yule mwanamke wa hospitali anapiga simu kila mara, ataleta maneno. Alisema lakini ana mdogo wake, jina liko ofisini. Jina hilo, ndugu yangu, nililitoa mimi nilipolazwa, waliponiuliza wamjulishe nani nikifa. Akasema huyo mdogo ni fundi wa pikipiki, ana masikio mazima, yatachukua miaka kabla hayajafika hapa alipofika kaka yake. Mwonyeshe picha, alisema. Akimwona kaka yake anacheka atakuja mbio. Kisha akalamba vidole, kimoja kimoja, na kila mlambo niliusikia.

Ndiyo hiyo nafasi uliyorukishiwa foleni. Ni pale ninaposimama mimi, kushoto mwa mashine, na vizibo vya pale vilishapewa mtu mwingine. Wamekutafuta wewe, wewe ambaye ukiwa umekaa ndani unakunywa chai unasikia pikipiki inapita barabarani na unasema mnyororo umelegea. Mteja anakuja na maneno mengi, wewe unamwambia anyamaze kwanza uisikilize injini. Wanataka kukisaga kipaji hicho.

Nilimwendea Mjomba, nikamwambia nimesikia yote na mdogo wangu haji. Unadhani aliona haya? Alicheka, akaita wengine waje waone, Gogo ameota masikio! Kisha akanishika bega kwa ile mikono yake na kuniambia kwa upole kwamba asipokuja wangu atakuja wa mwingine, nisijisumbue. Chumbani niliwaeleza wenzangu, tuandamane sote tukatae mtu mmoja kusimama zamu nzima, turudishe kupokezana. Waliangalia miguu yao. Mmoja alinisihi nivumilie hadi apatikane mwingine, kwa sababu nikitoka leo kesho ni yeye. Nilichukua kofia yangu nikatoka.  Ni Sufuria peke yake aliyenifuata nje. Naye alipiga makofi siku ile, na amekiri. Alisema kama nina barua ya kupeleka ataibeba ndani ya nguo, na kama wakala atamwona nyumbani kwetu basi na amwone.

Ofisini nimesema naondoka. Walinitisha kidogo, kisha yule mama wa masikio, niliyempelekea habari, alikuja mwenyewe langoni na kusema anamtaka meneja. Jioni hiyo hiyo karatasi zangu zikatolewa. Narudi bila kitu, tuelewane hilo mapema ili nyumbani wasitazame mizigo. Nina kifaa kimoja kinachofanya kazi, betri za kunitosha kwa muda, na sikio moja ambalo nimeambiwa nilitunze.

Usiende tena kwa wakala. Akikuita mwambie umebadili nia, usimweleze sababu mpaka niwe nimetoka hapa. Gereji usimwachie mtu. Vijana wa mtaani wanaotaka nao kuja, waambie wanisubiri, nitawaeleza kwa mdomo wangu, na hiyo picha waitazame vizuri upande wa kola. Mama mwambie kuhusu masikio, ya korodani achana nayo. Mwambie asinipigie simu, ila aanze kuniwekea maneno. Nataka kuisikia sauti yake nikiwa nimekaa naye, yeye kuliani kwangu, wakati bado ipo ya kusikika.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mshukuru shemeji kwa kukuvumilia. Basi letu linaondoka hapa mwisho wa mwezi, na kwa vile njia ni ndefu nategemea kufika nyumbani Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, asubuhi.

Ni mimi,
Kaka yako